Mtoto Aliyezaliwa Bila Njia ya Haja Kubwa: Tusisahau Figo na Mkojo Wake

  

Ndugu msomaji, msimu mmoja wa korosho tulikuwa safarini katika vijiji vilivyo baina ya Newala na Masasi. Katika madrasa moja tulimkuta mtoto wa kiume, umri wake kiasi cha miaka 9, ameketi peke yake nje ya mlango juu ya kipande cha mkeka. Wenzake walikuwa ndani na misahafu yao. Yeye akisoma kwa kusikia tu. Tulipouliza, mwalimu wake, naye ni mtu mwema anayefundisha bila ya mshahara, alitujibu: "Sheikh, huyu mkojo haumkatiki. Tumemweka hapo kwa ajili ya tohara ya madrasa."

Mama yake alitueleza yaliyobaki. Mtoto yule alizaliwa hana tundu la haja kubwa. Alipasuliwa angali mchanga akatolewa njia tumboni, baadaye akatengenezewa njia ya chini, kisha ile ya tumboni ikafungwa. Wazazi waliuza walichokuwa nacho, wakamshukuru Mola, wakaona kazi imekwisha. Katika safari zote hizo za hospitali hakuna aliyewaambia habari ya figo. Umri wa kukauka ulipofika na mtoto asikauke, baadhi ya watu walisema ni uvivu, wengine wakasema ni jini.

Makala haya tunayaandika kwa sababu ya mkeka ule wa mlangoni. Tunachotaka kueleza ni kwamba kasoro ya njia ya haja kubwa na kasoro ya njia ya mkojo mara nyingi huzaliwa pamoja. Ya kwanza huonekana kwa jicho, ya pili hujificha. Anayetibu ile inayoonekana akaiacha iliyojificha, hajamaliza tiba. Na anayemfungia mtoto mlango kwa jina la tohara, hajamaliza kusoma fiqhi.

NJIA MBILI, ASILI MOJA

Madaktari hukadiria kuwa katika watoto 5,000 hivi wanaozaliwa hai duniani, mmoja huzaliwa na kasoro ya njia ya haja kubwa. Wa kiume huwa wengi kidogo kuliko wa kike. Wengine tundu limezibwa na ngozi nyembamba tu. Wengine utumbo umeishia juu ndani ya nyonga. Na mara nyingi utumbo huo haukuishia patupu, bali umetokea mahali pasipo pake. Kwa mtoto wa kiume huingia katika mrija wa mkojo, na pengine katika shingo ya kibofu. Kwa mtoto wa kike hutokea karibu na mlango wa uke. Wapo pia wa kike, nao ni wachache, ambao njia zote tatu, ya mkojo, ya uzazi na ya haja kubwa, zimekutana ndani na kutoka kwa tundu moja.

Sababu ya kukutana huku ni kwamba katika wiki za mwanzo za mimba, mwisho wa utumbo na njia ya mkojo huwa ni chumba kimoja. Baina ya wiki ya 4 na ya 8 hivi chumba hicho hugawanyika, upande mmoja ukawa wa haja kubwa na mwingine wa mkojo. Mgawanyiko ukikwama, pande zote mbili huathirika. Wakati huohuo, na jirani na mahali hapohapo, figo zinaanza kujengeka, na pia mifupa ya mwisho wa uti wa mgongo pamoja na mishipa ya fahamu inayokiamrisha kibofu. Kwa hiyo si ajabu kasoro ya mahali pamoja ikaja pamoja na ya jirani zake. Takriban theluthi moja hadi nusu ya watoto hawa hukutwa na kasoro katika figo au njia ya mkojo. Kadiri utumbo ulivyoishia juu zaidi, ndivyo uwezekano unavyozidi. Na wale ambao utumbo wao umeingia katika shingo ya kibofu, walio wengi sana wana kasoro hiyo.

Haya yote hutokea ndani ya giza la tumbo la uzazi, katika siku ambazo mama mwingine hajajua bado kwamba ana mimba. Basi wale wanaomtuhumu mama kuwa alikiuka mwiko, au baba kuwa ana dhambi iliyomfuata mtoto, wanasema wasiyoyajua. Qur'ani imetufundisha mahali pengi kuwa nafsi haibebeshwi dhambi ya nafsi nyingine.

WALIOTANGULIA WALIJUA NINI

Mas'ala haya si mapya kwa matabibu wala kwa wanachuoni. Katika karne ya 7 miladia, Paulus wa Aegina, tabibu wa Kiyunani, alikwisha kueleza namna ya kumtoboa mtoto aliyezibwa. Karne tatu baadaye, Abul-Qasim az-Zahrawi wa Andalusia, aliyefariki mwaka 1013, aliweka mlango maalumu wa watoto hawa katika sehemu ya upasuaji ya kitabu chake at-Tasrif. Alieleza kuwa utando mwembamba hutobolewa kwa kidole, na ikishindikana kwa kisu chenye makali, kwa hadhari ya kutokata msuli. Katika sehemu hiyohiyo alizungumzia pia watoto wa kiume ambao tundu la mkojo halikukaa mahali pake.

Tiba ile iliwafaa wale wa utando mwembamba tu. Kwa waliozibwa juu ilibidi kungoja hadi mwaka 1793, ambapo daktari Duret wa mji wa Brest, Ufaransa, alimfungulia mtoto mchanga njia ya haja tumboni, na mtoto yule akaishi miaka 45. Kisha mwaka 1982 Alberto Peña na Pieter deVries walichapisha namna ya kupasua kutokea nyuma, katikati kabisa ya misuli, ili daktari aone kwa macho utumbo, misuli na mrija wa mkojo kabla ya kuvitenganisha. Njia hiyo ndiyo inayotumika mno hadi leo.

Mafaqihi nao waliliona jambo hili. Katika Minhaj ya Imam Nawawi, kitabu kinachosomeshwa sana katika pwani yetu, kuna mas'ala ya mtu ambaye njia yake imeziba na ikafunguka nyingine chini ya tumbo au juu yake. Imam al-Mawardi, aliyefariki mwaka 450 Hijria, alitofautisha baina ya aliyezibwa na maradhi na aliyezaliwa amezibwa. Huyu wa pili, tundu lililofunguka huchukua nafasi ya lile la asili katika kutengua udhu, popote lilipo. Basi mtoto wetu wa Newala ana nafasi katika vitabu vyetu kwa zaidi ya miaka 900. Aliyemkosesha nafasi ni sisi.

SIKU YA KWANZA

Mtoto anapozaliwa, baada ya kuadhiniwa, atazamwe. Mkunga au bibi aliyempokea afungue mapaja yake, aangalie kwa mwangaza mzuri kama tundu lipo na lipo mahali pake. Aangalie pia kama tundu la mkojo lipo nchani mwa uume. Mtoto mzima aghalabu hupata choo chake cha kwanza, kile cheusi kinachonata, ndani ya saa 24. Tumbo likivimba, akitapika rangi ya kijani, au choo kisionekane, aendelee kukumbatiwa na kutiwa joto lakini asilazimishwe maziwa wala asionjeshwe kitu, na apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Asingojewe hadi siku ya saba na akika yake.

Hapa tuna nasaha moja kwa akina mama itokayo ndani ya fiqhi yenyewe. Tumeruhusiwa katika madhehebu ya Shafi kunyunyizia maji nguo yenye mkojo wa mtoto wa kiume asiyekula chakula zaidi ya maziwa. Ruhusa hiyo ni ya mkojo mtupu. Ukionekana una rangi ya kijani au weusi wa choo, maana yake choo kinapita katika mrija wa mkojo, basi kunyunyizia hakutoshi, nguo ioshwe. Na kubwa kuliko nguo, mtoto huyo apelekwe kwa daktari mara moja. Vivyo hivyo mtoto wa kike ambaye choo chake kinatokea mbele: wengi huachwa kwa miezi kwa sababu "choo anapata".

Na tunamwonya kila mtu asijaribu kutoboa nyumbani, kwa wembe, kwa sindano wala kwa kidole, eti kwa kuwa wa kale walifanya. Wa kale wenyewe walitahadharisha. Mwenye kutoboa gizani hajui utumbo umeishia wapi, na mrija wa mkojo uko jirani sana.

Walio katika uwanda wa juu wa Makonde waanzie hospitali ya wilaya Newala. Walio Masasi waanzie Mkomaindo au Ndanda. Hapo mtoto atawekewa dripu, atapimwa, na ikibidi atapewa rufaa ya kwenda Hospitali ya Kanda ya Kusini pale Mitengo, Mtwara, au Muhimbili, Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilomita 500 kutoka Masasi. Ni mbali, lakini mtoto akitunzwa vyema njiani hufika.

NUSU ILIYOJIFICHA

Tiba ya utumbo kwa wengi huwa ya hatua tatu: kolostomi, yaani kutoa njia ya haja tumboni, katika siku za mwanzo, kutengeneza njia ya chini baada ya miezi kadhaa, kisha kufunga ile ya tumboni. Baina ya hatua hizo wazazi hufundishwa kupanua njia mpya kwa kifaa maalumu kila siku, wasije wakaiacha ikasinyaa.

Katika safari hiyo yote, swali la figo lazima liulizwe. Kasoro zinazokutwa ni nyingi. Wapo wenye figo moja tu. Wapo ambao mkojo, badala ya kushuka, hurudi juu kutoka kibofuni kwenda figoni, na hii ni miongoni mwa zinazokutwa mara nyingi zaidi. Wapo ambao figo imevimba kwa kuwa mkojo umezuiliwa. Wapo ambao kibofu hakipati amri sawasawa kutoka uti wa mgongo, hivyo hakijimalizi. Hujaa, kikafurika, mkojo ukadondoka. Mkojo unaolala kibofuni huoza, wadudu huzaliana, na kila homa inayopanda figoni huweza kuacha kovu. Figo haina sauti. Inaweza kuharibika miaka mingi huku mtoto anacheza, na inapojulikana imebaki kidogo.

Vipimo vyake vinafahamika. Cha kwanza ni altrasaundi ya figo na kibofu, nacho hakina mkato wala maumivu, na hospitali nyingi za wilaya wanacho. Mtoto huyu apimwe katika siku za mwanzo, kabla ya kuruhusiwa kwenda nyumbani. Uti wa mgongo na moyo nao huangaliwa. Kabla ya hatua ya pili daktari hutia dawa ya picha katika tundu la chini la kolostomi, akapiga eksirei kuona kama utumbo umeungana na mrija wa mkojo na wapi. Penye shaka ya mkojo kurudi juu, hupigwa picha nyingine wakati mtoto anakojoa.

Mzazi hana haja ya kujua majina ya vipimo. Inamtosha kuuliza kwa heshima: "Daktari, figo za mwanangu zimetazamwa? Ziko mbili? Mkojo unashuka vizuri?" Majibu ayahifadhi na kadi ya kliniki.

Baada ya hapo, miaka yote ya utoto, dalili hizi zisipuuzwe: homa isiyo na sababu, kulia wakati wa kukojoa, mkojo wenye ukungu au harufu kali, mkojo unaotoka kwa matone bila nguvu, kutokukauka katika umri ambao wenzake wamekauka, kuvimba uso asubuhi, na kutokukua. Choo kigumu nacho kitibiwe, kwani utumbo uliojaa hukibana kibofu.

Lipo jambo la mahali petu. Uwanda wa Makonde hauna mito juu yake. Wazee wetu wa Newala waliteremka mabondeni kutafuta maji, na leo bado bomba likikauka ndoo ni ya thamani. Wazazi wengine humnyima maji mtoto anayelowana ili asilowane. Hilo ni kosa. Mkojo mchache na mzito huzidisha maradhi. Asipewe kiasi gani, asizuiwe lini, daktari ndiye wa kusema. Nasi tunasema la fiqhi: maji ya kunywa hutangulia maji ya udhu. Mwenye maji yanayotosha kunywa tu, atatayamamu.

HUKUMU ZAKE KATIKA TOHARA

Tumesema juu ya mwenye kolostomi: kinachotoka katika tundu lake kinatengua udhu kama kingetoka chini, naye ataliosha kwa maji taratibu. Kama hana uwezo wa kukizuia, yuko katika hukumu ya mwenye udhuru wa kudumu. Mfuko au kitambaa chake akimwage na akisafishe kabla ya Sala; kinachotoka baada ya hapo bila hiari yake kimesamehewa.

Mwenye mkojo usiokatika, anayeitwa katika vitabu salisul-baul, mafaqihi wa Shafi wamempimia kwa hukumu ya mwanamke mwenye damu ya istihadha, ambayo asili yake ni hadithi ya Fatima bint Abi Hubaish katika Sahihi Bukhari. Atajisafisha, atajifunga nepi au kitambaa safi, atatia udhu baada ya wakati kuingia, na atasali bila kuchelewa. Atafanya hivyo kwa kila Sala ya faradhi. Na kama katika wakati wa Sala kuna muda ambao mkojo unakatika kwa kadiri ya kutia udhu na kusali, atausubiri muda huo.

Hapa tiba na fiqhi zinashikana mikono. Mtoto ambaye kibofu chake hakijimalizi huweza kufundishwa na wauguzi kutoa mkojo kwa mpira safi mara kadhaa kwa siku. Akijitoa mkojo karibu na wakati wa Sala, akabaki mkavu, atatia udhu na kusali kama wenzake. Kwa hivyo kumtafutia tiba ni kumtafutia pia wepesi wa ibada yake. Mtume (s.a.w.) ametuamrisha kujitibu na akatujuza kuwa kila ugonjwa umeteremshiwa dawa, kama walivyopokea Abu Dawud na Tirmidhi.

Ama msahafu, Imam Nawawi ameweka wazi katika Minhaj kuwa mtoto mwenye hadathi hazuiwi kuushika, na wenye kushereheka wakaeleza kuwa ni kwa haja ya kujifunza. Yaani hata mtoto mzima asiye na udhu hakuzuiwa. Vipi azuiwe mgonjwa? Kinacholazimu ni kuuhifadhi msahafu usiguswe na najisi, na hilo linatimia kwa nepi kavu na mikono iliyooshwa. Msikitini vilevile, mwenye udhuru huingia madhali hakuna hofu ya kudondosha. Tulimweleza haya yule mwalimu. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Minhaj nimeisoma, Sheikh, ila mlango huo sikuwahi kuusoma huku ninamwona mtu." Kwa hakika sote tumesoma hivyo.

JANDO NA NGARIBA

Wamakonde, Wamakua na Wayao wa nchi hii hawaachi mtoto wao wa kiume apitwe na jando, na khitani kwetu sisi ni sheria. Lakini miongoni mwa kasoro zinazofuatana na mas'ala haya ni tundu la mkojo kukaa chini ya uume badala ya nchani. Daktari anapoitengeneza hutumia ngozi ileile ya govi. Ngariba akiikata, amemnyang'anya daktari kitambaa cha kushonea. Mtoto wa namna hii asikatwe jandoni wala kliniki ya khitani mpaka daktari wa upasuaji amemwona; aghalabu khitani yake hukamilika ndani ya matengenezo hayohayo.

Wala asionekane amepungukiwa dini. Wajibu wa khitani kwa Shafi ni baada ya kubaleghe, na asiyeweza kuistahimili huahirishiwa mpaka aweze. Wazee wa jando wakielezwa mapema na imamu wanayemheshimu, huelewa.

WAJIBU WETU

Yule mtoto wa mlangoni alipelekwa kupimwa. Ilionekana figo moja tu, nayo imevimba kwa mkojo unaorudi kutoka katika kibofu kisichojimaliza. Kilichokwisha kuharibika hakirudi; kilichobaki kinalindwa kwa dawa, kwa mpira wa mkojo na kwa kliniki. Lau kipimo kile kingefanywa alipokuwa mchanga, huenda tungeandika mengine leo. Sasa anakaa ndani pamoja na wenzake.

Kwa hiyo tunawausia maimamu na walimu mambo machache. Mnapoalikwa akika, mwulizeni baba kwa faragha kama mtoto anapata choo na mkojo vizuri. Mkisikia mtoto amefanyiwa kolostomi, mwulizeni mzazi kama figo zimepimwa. Mtoto anayelowana chuoni asipigwe wala asitolewe. Mwiteni mzazi wake mumwelekeze hospitali. Na kamati za misikiti zikumbuke kuwa masikini ni katika wanaostahiki Zaka, na baba aliyeuza mikorosho yake kwa nauli ya Dar es Salaam huenda amekwisha kuingia katika fungu hilo. Nauli ya kliniki ya mwaka wa tano ni ngumu kuliko ya kwanza, kwa sababu watu wamekwisha kusahau.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awaponye watoto wetu na atupe macho ya kuona kilichojificha. Wallahu aalam.